Kikoa Kinaishia Nane

Iko nchi moja, msinitake niitaje, ambayo serikali yake haijakosea hata siku moja tangu ipate bendera. Makosa yapo, tena mengi, lakini yote yamefanywa na wananchi. Mimi nilikuwa fundi bomba wa serikali katika nchi hiyo, wilaya ya Machimboni. Haya ninayoyasimulia sikutumwa na mtu. Nilipotumwa nilifanya mengine, na hayo ndiyo mtakayoyasikia.

Maji yalipopungua, serikali haikuchimba visima. Kuchimba ni kazi ya watu wenye majembe. Serikali ilimpeleka Waziri wa Vipimo na Uwiano kwenye semina ya siku nne katika nchi ya baridi, naye akarudi na kanuni. Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Mhandisi Daktari Profesa Balozi Lusungu Kapeta. Alitukusanya mafundi wote ukumbini, akaandika ubaoni kwa chaki ya kijani:

Lita = 20 × watu

"Hii ni mashine," alisema. "Ninyi mnaona maandishi, lakini ni mashine. Huku unaingiza idadi ya watu wa nyumba. Huku zinatoka lita zao za siku. Ukiingiza watu watatu, zinatoka ngapi?"

Tulidhani ni mtego.

"Sitini," akajijibu mwenyewe, na katibu wake akapiga makofi.

Kisha akaeleza kwamba kila mashine ina vinavyoruhusiwa kuingia, na hivyo vikikusanywa pamoja vinaitwa kikoa. Ina pia vinavyoweza kutoka, na hivyo vinaitwa upeo. "Huwezi kutia mawe kwenye cherehani ukangojea shati," alisema. "Vilevile huwezi kutia humu watu watatu na nusu, kwa kuwa hakuna nusu ya mtu. Wala huwezi kutia watu pungufu ya sifuri."

"Labda siku ya kupiga kura," akanong'ona fundi mwenzangu.

"Kwa hiyo kikoa chetu ni namba nzima, kuanzia moja hadi nane. Upeo wetu ni lita ishirini, arobaini, sitini, mnakwenda hivyo hivyo mpaka mia moja na sitini. Basi. Taifa limekwisha kupimwa."

Nasema kweli, niliielewa. Nilikuwa nimekata mabomba miaka ishirini na mbili bila mtu kunieleza chochote zaidi ya "kata hapa." Siku ile nilielezwa, nikaelewa, nikafurahi. Kila nikikumbuka furaha ile natazama chini.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kwa nini kinaishia nane?"

Ukumbi ukapoa. Katibu akachukua karatasi yenye jedwali la kanuni, akanionyesha. Mistari ilikuwa minane, na chini ya mstari wa nane ilichapwa nembo ya taifa, wale kanga wawili wanaotazamana.

"Unataka tisa iandikwe juu ya nembo?" akauliza katibu.

Nikasema sitaki. Nani anataka?

"Basi nyumba ya watu tisa itapata sifuri," nikasema, ili nionekane nimeelewa.

Waziri akatabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Hapana, fundi. Sifuri ni jibu. Nyumba ya watu tisa haina jibu."

Nikaliandika hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari.

*

Ijumaa gari la matangazo likapita mitaani: "Kila nyumba iwe imeingia kwenye kikoa ifikapo Jumatatu saa tatu."

Sasa, kwetu Machimboni kikoa ni kitu kinachojulikana. Ni kula kwa zamu. Leo unapika wewe, tunakula kwako sote; kesho anapika mwenzako, tunahamia kwake. Mtaa wa Chokaa walikuwa na kikoa cha miaka thelathini, na kiongozi wao alikuwa Bi. Mwatima, mjane wa mchimba chokaa, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa bonde. Kwa hiyo Jumatatu, saa tatu kamili, akina mama arobaini na kitu waliingia kwenye uwanja wa ofisi ya wilaya wakiwa na sufuria vichwani. Kulikuwa na ndizi za nyama, wali wa nazi, maharage na kachumbari kwenye beseni la buluu.

Bi. Mwatima akatua sufuria yake mbele ya Afisa wa Wilaya, Bwana Mpendae. "Shikamoo yako imemezwa na njaa," alimwambia. "Mtaa wa Chokaa tumeingia. Kesho ni zamu ya nani, ya ofisi au ya Waziri mwenyewe?"

Bwana Mpendae alizitazama sufuria moja baada ya nyingine. Kisha akatangaza kwamba maelezo yatatolewa baada ya uhakiki. Tukahakiki kwa saa mbili. Sufuria zilipokuwa tupu, akasimama, akajifuta mdomo, akaeleza kwamba kikoa hiki hakina chakula.

"Ni kikoa gani hicho?" akauliza Bi. Mwatima.

"Cha kitaalamu, mama. Wanaostahili wanakuwa ndani. Wengine wanabaki nje."

"Kwetu, mtu akibaki nje tunamwita."

"Ndiyo maana nikasema cha kitaalamu."

"Basi mngetuambia kabla hamjalamba vidole."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu bado nilikuwa na kidole cha shahada mdomoni.

*

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kila mwezi, kuhesabu watu, kuandika, na kufungua bomba kwa kipimo. Nyumba iliyotoka kwenye kikoa niliifungia bomba lake kwa waya na lakiri ya risasi, nikaibana kwa koleo mpaka itoe alama ya wale kanga wawili.

Niliona mengi. Mama mmoja mjamzito aliomba ahesabiwe mtu mmoja na nusu. Nilimsomea kanuni, nikamwambia arudi akishakuwa namba nzima. Nyumba ya Waziri nayo niliihesabu. Walikuwa wawili, yeye na mkewe, lakini katibu alinifafanulia kwamba Mheshimiwa ni mmoja, Mhandisi wa pili, Daktari wa tatu, Profesa wa nne, Balozi wa tano, Mlezi wa Timu ya Mpira wa sita, Mume wa saba na Mke wa nane. Nikaandika nane. Bustani yao ilikuwa ya kijani vizuri, nilisimama kidogo nikaitazama.

Nyumba ya Bi. Mwatima ilikuwa nane ya kweli. Alikuwepo yeye, mwanawe Makame, mkwe wake Siwema, na wajukuu watano. Lita mia moja na sitini, ukingo kabisa wa upeo. Alikuwa akijisifu mtaani kwamba nyumba yake serikali imeijaza mpaka juu.

Mwezi wa tatu nikapita kama kawaida. Nilimkuta mlangoni.

"Tunaye mgeni," alisema. "Ana siku sita. Ingia umwone, mzuri kama mama yake, bahati hakuchukua pua ya Makame."

Nikaingia, nikamwona, nikapongeza. Kisha nikahesabu. Nilitoka nje na koleo mkononi.

"Koleo la nini tena?"

"Mama, mmefika tisa."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili."

"Fundi Kheri, mtoto ananyonya. Hanywi kwenye bomba lenu."

"Fomu haiulizi ananyonya wapi."

"Sasa tukizidi watu ndiyo tunapunguziwa maji?"

"Hampunguziwi. Hamna jibu."

Akaliangalia koleo, kisha uso wangu. "Wewe si mtoto wa Mwanahawa, aliyekuwa akija kwangu kuazima kinu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi unasikia unachosema?"

Nilisikia. Nikafunga bomba. Mwanamke mwenye siku sita tangu ajifungue alikuwa amesimama dirishani akinitazama nikikaza waya, nami nilikaza vizuri, kwa sababu lakiri isiyokaza vizuri inarudishwa.

*

Siku ya tatu Bi. Mwatima alinifuata karakana. Alikuwa ametoka mtoni, kanga imeloa mpaka magotini.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Kwenye hiyo mashine yenu, mtu anatokaje?"

"Kwa kuhama au kwa kufa."

"Kuhama ni vipi?"

"Unatoa anwani ya unakokwenda, na huko nako unahesabiwa."

"Mimi sina pa kwenda. Niandike nimekufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtoto yule ana upele shingoni, Fundi. Mama yake hajaoga maji ya kutosha tangu ajifungue. Mimi nimeishi, nimeshiba, niandike nimekufa. Huko kaburini kwenye karatasi hakuna mchwa."

Nilitoa fomu ya vifo. Ilikuwa ya rangi ya waridi. "Sababu ya kifo?"

"Andika kikoa."

"Hiyo haimo. Niandike uzee?"

"Uzee wa nani? Nina miaka sitini na miwili. Andika ugonjwa wa maana."

Nikaandika moyo. Akaridhika. Mchana ule nilikata lakiri, maji yakatoka, na ndoo ya kwanza aliibeba marehemu mwenyewe, akiimba.

Nilijiona mwema. Nilidhani nimeishinda serikali kwa karatasi yake. Nilimhadithia mke wangu, akaniuliza, "Na akiugua?" Nikamwambia aache kuwaza mabaya.

*

Sikujua kwamba takwimu zinasafiri. Nyumba ya Chokaa ilikuwa ya kwanza nchini kutoka kwenye kikoa na kurudi ndani ya wiki moja. Waziri alipoiona kwenye ripoti aliamua kuja kutoa rambirambi yeye mwenyewe, na shada la maua ya plastiki, na wapiga picha.

Tulipata taarifa saa moja kabla. Bi. Mwatima akajifunika kanga usoni, akakaa mkekani katikati ya wanawake waliokuja kumlilia, akalia pamoja nao. Alilia vizuri kuliko wote.

"Marehemu," alisema Waziri, "hakuketi darasani pamoja na sisi, lakini aliielewa hisabati kuliko maprofesa. Wengine huilaumu kanuni. Yeye alijitazama, akaitazama kanuni, akaona kosa liko wapi. Alitambua kwamba yeye ndiye wa tisa."

"Wa tisa ni mtoto," ikasema sauti chini ya kanga.

Waziri akageuka. "Mama anasema nini?"

Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na sare.

"Anasema amina, Mheshimiwa."

Waziri akaguswa sana. Akatoa cheti chenye fremu kilichoandikwa RAIA ALIYEJITOA, Makame akakipokea kwa mikono miwili. Walipoondoka, Bi. Mwatima alikitundika juu ya kitanda chake. "Nyie mtasubiri mfe," aliwaambia majirani. "Mimi changu nakisoma."

Mimi nikapandishwa cheo. Nikawa Mpimaji Mkuu wa Wilaya, na sare yenye vifungo viwili vya shaba kifuani.

*

Bi. Mwatima alikuwa na sukari. Kila mwezi alichukua sindano zake zahanati, akitaniana na muuguzi wa pale mpaka foleni inakasirika. Lakini kanuni ya maji ilikuwa imependwa sana, hivyo wakaipeleka na zahanati. Huko unaingiza jina, zinatoka dawa. Kikoa chake ni majina ya walio hai kwenye daftari la wilaya.

"Jina lako halipo, mama," muuguzi alimwambia.

"Jina halipo, mwenyewe nipo."

"Nakuona. Lakini mimi siruhusiwi kuingiza ninayemwona. Naingiza aliyeandikwa."

Akaja kwangu. Sasa nilikuwa na ofisi, na kiti cha kuzunguka. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi: niende naye kwa karani wa vifo, niseme niliandika uongo, jina lake lirudi.

"Jina likirudi mnakuwa tisa tena," nilimwambia. "Nitalazimika kuja na koleo."

"Njoo nalo. Maji tutateka mtoni, Makame amekwisha kununua ndoo. Sindano haitekwi mtoni."

Nikasema tutaenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika nikasema kuna wageni kutoka makao makuu. Iliyofuata nikasema karani yuko likizo, na karani hakuwa likizo. Niliogopa. Aliyeandika kifo cha uongo hufukuzwa kazi na kushtakiwa, na mimi nilikuwa nimevizoea vile vifungo. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine bora zaidi, sijaipata.

Alipokuja mara ya nne alishikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Miguu ilikuwa imevimba, macho yakiona ukungu. Nikaona haya, nikanyanyuka, tukaenda.

Karani wa vifo aliitwa Bwana Ngwale. Mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alifungua daftari, akatembeza kidole.

"Mwatima binti Saidi. Moyo. Mwezi wa tatu." Akamtazama. "Na wewe mama ni nani?"

"Ndiye huyo."

"Inawezekana," alisema Ngwale. "Makosa ya wananchi yapo. Aliyemwandika akisaini kwamba alikuwa hai, nafuta leo hii, na kesho anapata dawa. Aliyemwandika ni..." akasogeza kidole, "Fundi Kheri. Vizuri, upo hapa hapa. Unamjua mama huyu?"

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Afisa wa Wilaya, Bwana Mpendae, na nyuma yake katibu wa Waziri. Walikuwa wakinitafuta mimi. Waziri alitaka niende makao makuu nikawafundishe wapimaji wengine jinsi nyumba inavyorudi kwenye kikoa.

"Kuna nini hapa?" akauliza katibu.

"Namwuliza Mpimaji Mkuu kama anamjua mama huyu," akasema Ngwale.

Bwana Mpendae, aliyewahi kula kwenye sufuria yake, akatazama dari. Ulikuwa mchana, chumba kimejaa mwanga, na uso wa Bi. Mwatima ulikuwa karibu na wangu kama huu mkono.

Nikasema, "Simjui. Ninayemjua alifariki. Mheshimiwa mwenyewe alikuja kwenye rambirambi."

Bi. Mwatima hakupiga kelele. Alikaza macho, kama anayejaribu kuniona vizuri kwenye ule ukungu wake.

"Haya, mwanangu," alisema. "Labda na mimi nimekufananisha."

Akapapasa ukuta, akaupata mlango, akatoka na mjukuu wake. Katibu akaniuliza kama nina koti, maana makao makuu kuna baridi.

*

Nilifundisha makao makuu siku tisa. Nilipigiwa makofi.

Nilirudi Ijumaa. Jumamosi, saa nne asubuhi, Makame alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na vumbi la chokaa kwenye nyusi. Sikuwahi kumwona akiwa amesafika, na siku ile pia hakuwa amesafika.

"Mama amefariki alfajiri," alisema.

Nikasema pole.

"Nimetoka kwa karani. Kibali cha kuzika hatoi."

Tukaenda wote. Bwana Ngwale alikuwa ameshafungua daftari, na alionekana ana uchungu wa kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

"Fundi, wewe umekwenda kufundisha, utanielewa," alisema. "Ukitia kitu kimoja kwenye mashine, jibu linalotoka ni moja. Haiwezekani utie watu watatu, leo zitoke sitini, kesho zitoke themanini. Hiyo haitakuwa kanuni, itakuwa vurugu. Mtu mmoja, tarehe moja ya kifo. Huyu tarehe yake ipo, mwezi wa tatu. Nikimwandika tena leo, daftari zima linaharibika."

"Aliyelala nyumbani ni nani?" akauliza Makame.

"Kwa daftari, simwoni."

"Jua linapanda, Bwana Ngwale. Watu wamekwisha kumwosha. Jeneza liko uani."

"Naelewa. Aliyemwandika akisaini kwamba alikuwa hai mpaka leo, ile tarehe ya kwanza naifuta, hii naiandika, anakwenda kuzikwa. Bila hivyo sina la kufanya."

Akazungusha fomu, akanisogezea na kalamu moja kati ya zile tatu.

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: Mimi, Kheri Abdu, Mpimaji Mkuu, nathibitisha kwamba Mwatima binti Saidi wa mtaa wa Chokaa alikuwa hai kuanzia mwezi wa tatu hadi alfajiri ya leo. Nilimwona kwa macho yangu. Namjua.

Saini yangu ilikuwa nzuri, haikutetemeka hata kidogo.

Ngwale alisoma, akagonga muhuri. "Hii ungeisaini siku ile," alisema taratibu, bila kuninyooshea kidole, kama mtu anayesoma tu kilichoandikwa.

Kusimamishwa kazi sikusimamishwa. Nilimngoja Bwana Mpendae anifokee, naye alipopata habari alishukuru. Nyumba ya Chokaa ilikuwa sasa na watu wanane wa halali, bila udanganyifu wowote, na ripoti ya wilaya haikuhitaji kubadilishwa hata herufi.

Fomu ile ilikuwa na nakala tatu. Moja ya faili, moja ya makaburini, moja ya aliyesaini. Nilikuwa nikiikunja yangu Makame aliponyoosha mkono.

"Hiyo nipe mimi."

"Ya nini, ndugu yangu?"

"Watoto watauliza bibi yao alikufa lini. Kuna cheti ukutani kinasema mwezi wa tatu."

Nikampa. Aliisoma pale pale, akifuata mistari kwa kidole, na alipofika kwenye neno la mwisho kidole kikakaa hapo muda mrefu. Kisha akaitia mfukoni mwa shati.

Saa kumi tukamzika. Jeneza lilipita mikononi mwa watu kama kawaida, na zamu iliponifikia nikabeba hatua kumi na tano mpaka mtu mwingine akanipokea. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nikiomba nizuiwe.